Mzimu, Pepo au Mzuka? Istilahi za Vitisho katika Filamu za Katuni za Watoto

Katika kazi ya kufasiri, si mara zote neno gumu ndilo linalomshinda mfasiri. Istilahi ya fizikia au ya udaktari huweza kumchukua siku nzima, lakini maana yake ikishafahamika jambo limekwisha, kwa kuwa kitu kinachotajwa ni kilekile kila mahali. Linalosumbua zaidi ni neno jepesi ambalo kila mtu anadhani analijua, nalo kwetu lina majina sita au saba, na kila jina lina ukoo wake, imani yake na hofu yake. Miongoni mwa maneno ya namna hiyo ni lile la Kiingereza 'ghost', ambalo humkabili kila anayejaribu kuzitia filamu za katuni za watoto katika Kiswahili.

Madhumuni ya makala hii ni kuyachunguza majina hayo moja baada ya jingine, kwa kutumia mfano wa sehemu moja ya mfululizo ujulikanao sana, na kupendekeza jina linalofaa. Huenda wako watakaosema kwamba vichekesho vya watoto havistahili kurasa za jarida la lugha. Sisi twaona kwamba vinastahili sana. Mtu mzima akilitilia shaka neno hufungua kamusi au humwuliza mwenzake. Mtoto hafanyi hivyo. Neno analolisikia katika kichekesho hulichukua kama lilivyo, pamoja na hofu iliyomo ndani yake, akaenda nalo kitandani.

1. Filamu yenyewe

Mfululizo uitwao Scooby-Doo, Where Are You! ulianza kuonyeshwa nchini Marekani na shirika la televisheni la CBS tarehe 13 Septemba, 1969. Watungaji wake ni Joe Ruby na Ken Spears, na ulitengenezwa na kampuni ya Hanna-Barbera. Wahusika wakuu ni vijana wanne, yaani Fred, Daphne, Velma na Shaggy, pamoja na mbwa wao mkubwa, Scooby-Doo, ambaye ana umbo la kutisha na moyo wa kuku. Kila wanakofika hukuta watu wametaharuki kwa sababu ya kiumbe cha ajabu kinachozunguka usiku. Vijana hupeleleza, hukusanya dalili, huweka mtego, na mwishowe humnasa mtishaji na kumvua kinyago. Chini ya kinyago huwamo mtu wa kawaida, aghalabu mtu ambaye mtazamaji amekwisha kumwona mapema, aliyejigeuza ili awafukuze wengine wasiigundue hila yake.

Yafaa mfasiri aijue asili ya mpango huo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vyama vya wazazi nchini Marekani vililalamikia mapigano na ukatili uliojaa katika katuni za Jumamosi asubuhi, na CBS ikatafuta hadithi za namna nyingine. Hata hivyo, pendekezo la kwanza la mfululizo huu lilikataliwa na wakuu wa CBS kwa kuwa waliliona linatisha mno kwa watoto. Ndipo mbwa akasogezwa mbele, na vichekesho vikaongezwa. Kwa hiyo tangu kuzaliwa kwake filamu hii ni mizani yenye vitanga viwili: hofu katika kimoja, kicheko katika cha pili. Mfasiri akitia neno zito kupita kiasi katika kitanga cha hofu, atakuwa ameirudisha filamu kule kule ilikokataliwa.

Mfano tutakaoutumia ni sehemu iliyoonyeshwa tarehe 10 Januari, 1970, kwa jina la "A Night of Fright Is No Delight". Tajiri mmoja, Kanali Beauregard, amefariki dunia na kuacha wasia. Scooby-Doo aliwahi kumwokoa asife maji, kwa hiyo naye ametajwa katika wasia huo pamoja na ndugu wanne wa marehemu. Sharti ni moja: kila mmoja alale usiku mzima katika jumba la marehemu, na atakayekimbia hana fungu. Usiku unapoingia, ndugu wale wanatoweka mmoja baada ya mwingine, na viumbe viitwavyo 'Phantom Shadows' vinawakimbiza Shaggy na mbwa wake kutoka chumba hadi chumba. Mwishowe inabainika kwamba watishaji ni mawakili wawili, Creeps na Crawls, waliotaka kujitwalia mali. Na mali yenyewe, inapofunguliwa, ni noti za yale majimbo ya kusini ya Marekani yaliyojitenga, yakashindwa vitani mwaka 1865. Haziwezi kununua hata mkate.

2. Masharti ya istilahi inayotafutwa

Kabla ya kuchagua jina hapana budi kueleza linatakiwa kufanya kazi gani. Kwa maoni yetu masharti ni manne:

(a) Litaje kile kinachoonekana, bila ya kuamua asili yake. Katika sehemu kubwa ya hadithi hakuna ajuaye kiumbe yule ni nini. Jina likitoa jibu mwanzoni, upelelezi umekwisha kabla haujaanza.

(b) Liweze kukanushwa bila ya kukanusha imani ya mtu. Mwisho wa hadithi watoto huambiwa kwamba kile walichokiogopa hakikuwapo. Ni lazima tuwe na hakika ni kitu gani tunachowaambia kuwa hakikuwapo.

(c) Liwe na hofu ya kutosha. Kinachochekesha ni woga wa Shaggy na mbwa wake. Na woga wa kitu kisichotisha hauchekeshi.

(d) Lifae pia pale ambapo kiumbe ni wa kweli katika hadithi. Casper, aliyeanza kuonekana katika filamu mwaka 1945, si mtu aliyevaa kinyago. Vilevile katika filamu ya Scooby-Doo on Zombie Island ya mwaka 1998, vijana wetu wanajaribu kumvua mtu kinyago wakakuta hakuna kinyago.

3. Majina tuliyo nayo

Mzimu. Hili ndilo linalomjia mfasiri kwanza, nalo lina heshima ya ukale. Shina lake limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Waganda wana omuzimu na Wanyarwanda wana umuzimu, na sisi wenyewe twalipata tena katika neno kuzimu. Lakini mzimu si marehemu yeyote anayejitokeza gizani. Mizimu ni wahenga wa ukoo, wanaotambikiwa, wanaoweza kukasirika na kuridhishwa. Katika Pwani neno hili hutaja pia mahali penyewe pa matambiko, kama vile pango au mbuyu mkubwa. Tukilitumia katika filamu hii, Velma atakapomvua wakili kinyago na kutangaza kwamba hakuna mzimu, atakuwa amewaambia watoto wa Kiafrika kwamba wahenga wao ni ulaghai. Mwandishi wa filamu hakusema hivyo wala hakukusudia. Sharti (b) linavunjika.

Pepo. Pepo ni jamaa ya upepo: hapana umbo, hapana sura. Humpanda mtu kichwani, naye mganga akampunga kwa ngoma na ubani. Kiumbe anayekimbiza watu katika vyumba, akajikwaa ngazini, hana sifa hata moja ya pepo. Zaidi ya hayo, kuna hatari ya maana kupinduka, kwani pepo ni pia makao mema ya Akhera. "Amemwona pepo" na "ameiona pepo" ni habari mbili zilizotenganishwa na silabi moja tu, na mwigizaji anayesoma kwa haraka ili maneno yaendane na midomo ya katuni aweza kumpeleka Shaggy mahali ambapo hakustahili.

Jini na shetani. Yote mawili yametoka katika Kiarabu na yote mawili yamo katika mafundisho ya dini. Jini, kwa Mwislamu, ni kiumbe aliyeumbwa kwa moto. Sura ya 72 ya Kurani yaitwa kwa jina lake. Hakuwahi kuwa binadamu, kwa hiyo hawezi kuwa Kanali aliyerudi kutoka kaburini. Shetani ni adui wa mwanadamu katika Uislamu na katika Ukristo. Mtumishi wa umma anayepokea muhtasari wa filamu ili akadirie umri wa watazamaji akisoma kwamba "mashetani wanawateka ndugu wanne", atadhani ameletewa filamu ya namna nyingine kabisa, wala hatakuwa na kosa. Kosa litakuwa la mfasiri.

Zimwi. Neno hili ni mali ya ngano zetu, na watoto hulifahamu. Methali yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Na hapo ndipo lilipo tatizo. Zimwi hula watu. Lina mwili, lina tumbo, lina makao porini. Halitoki kaburini wala halipiti ukutani. Lihifadhiwe kwa ajili ya yale majitu yapatikanayo katika hadithi za kale za Ulaya.

Msukule. Wako wafasiri wanaolipenda kwa kuwa linatisha. Twawaonya waliepuke. Msukule ni mtu anayedhaniwa kuwa amekufa, kumbe, kwa mujibu wa imani hiyo, amechukuliwa na wachawi ili awatumikie. Penye msukule pana mchawi, na penye mchawi panatafutwa mtu wa kunyoshewa kidole. Katika nchi yetu wako vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Neno lenye damu ya namna hiyo lisitiwe katika kichekesho cha watoto kwa sababu tu mfasiri hakupata jingine upesi.

Kivuli. Jina hili limewahi kutumika kwa heshima kubwa. Katika Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, wanafunzi wanapomwona Yesu akitembea juu ya bahari (Mathayo 14:26), wanadhani wameona kivuli. Katika maandiko limefaa. Katika filamu lina udhaifu wa kuwa na kazi nyingine ya kila siku: kivuli cha mwembe ni mahali pa kupumzikia. Mtoto akisikia "Kimbia, kivuli!" atashangaa kwa nini Shaggy anakikimbia.

Mzuka. Hili limetokana na kitenzi kuzuka, yaani kutokea ghafla pasipotazamiwa. Mzuka ni kile kilichozuka. Neno halisemi kimetoka wapi, ni cha nani, wala kama ni kweli au uongo. Linasema tu kwamba kimetokea na kwamba kimemshtua aliyekiona. Sharti (a) limetimizwa na asili ya neno lenyewe. Kwa kuwa hapana tambiko la mzuka wala sura ya dini iliyo na jina hilo, Velma aweza kusema "hapakuwa na mzuka" bila ya kumgusa mtu, na sharti (b) limetimia. Hofu imo ya kutosha. Na Casper aweza kuitwa mzuka mwema pasipo shida.

Yafaa kumtahadharisha mfasiri asiteleze akaandika kizuka. Katika Pwani kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mumewe na ambaye yumo katika eda. Kumwita mjane kwa jina la kiumbe wa kutisha, hata kwa bahati mbaya, ni utovu wa adabu.

4. Kwamba jambo hili si geni kwetu

Isidhaniwe kuwa hadithi ya namna hii ni ya kigeni kiasi cha kuhitaji lugha mpya. Miaka kadhaa kabla ya Scooby-Doo kubweka, Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikwisha kuandika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotolewa mwaka 1960. Humo pia pana mahali panapoogopwa, pana kifo ambacho watu wepesi wa kuamini wangekiweka mikononi mwa wasioonekana, na pana mpelelezi, Bwana Msa, ambaye hutumia akili na kiko chake mpaka akafikia mkono wa binadamu uliotenda.

Jambo la kuangaliwa ni jinsi mwandishi yule alivyolitumia neno mzimu. Mzimu wake ni mahali pa watu wa kale, na mwisho wa kitabu mahali pale panabaki palepale. Kilichofichuliwa ni uovu wa mtu aliyejificha nyuma ya heshima ya mahali. Wahenga hawakuvuliwa kinyago. Huo ndio utaratibu ambao mfasiri wa katuni angefaa kuufuata: mzimu ubaki kuwa mzimu, na mlaghai aitwe mzuka mpaka atakapopata jina lake halisi.

5. Matumizi

Upatanisho wa kisarufi. Mzuka, wingi mizuka, laonekana kuwa jina la ngeli ya M-MI. Lakini jina la kiumbe kinachodhaniwa kuwa hai huweza kuchukua upatanisho wa viumbe hai, kama tusemavyo "mitume walikuja". Twapendekeza kwamba wakati wahusika wanaamini kuwa kiumbe yupo, isemwe "mzuka yule anakuja", "mizuka wametuzunguka". Baada ya kinyago kuvuliwa, isemwe "mzuka huu ulikuwa nguo na rangi tu". Hivyo sarufi yenyewe itamweleza mtoto kwamba aliyekuwa yeye amekuwa kitu. Walimu wa darasa la nne na la tano wataona kuwa hili ni zoezi zuri la ngeli.

Nyumba inayosemekana kutembelewa na viumbe hao iitwe nyumba ya mizuka. "Nyumba yenye majini" iachiwe habari za kweli za mtaani. Wale 'Phantom Shadows' wa Kanali Beauregard waitwe Mizuka-Vivuli. Hapa neno kivuli, likiwa limetanguliwa na mzuka, halidhuru tena.

Kinyago au barakoa? Barakoa ni neno la Pwani na la Omani kwa kifuniko cha uso cha wanawake, na tangu maradhi ya mwaka 2020 watoto hulijua kuwa kitambaa cha kuziba pua na mdomo. "Kumvua barakoa" kutawafanya wafikirie zahanati. Kinyago chafaa zaidi, nacho kina historia inayolingana na filamu: katika ngoma za Wamakonde mchezaji huvaa kinyago cha mti, na asiyepitia jando hakutakiwa kujua ni nani aliyemo ndani.

Wasia na urithi. Mambo haya yasichanganywe. Mrithi hupata kwa nasaba au kwa ndoa. Scooby-Doo si ndugu wa Kanali; ameachiwa mali kwa wasia. Msikilizaji anayejua kwamba katika sheria ya Kiislamu wasia hauzidi theluthi ya mali atacheka mara mbili akisikia mbwa ametajwa humo, na kicheko hicho ni faida isiyokuwamo katika Kiingereza. Mfasiri asiipoteze kwa kuandika "mbwa amerithi".

Noti zisizo na thamani. Jina la serikali ile iliyoshindwa halina maana kwa mtoto wa Dodoma au Mombasa. Yatosha kusema "noti za serikali iliyokufa zamani". Mzuka ulikuwa wa uongo, na fedha nazo zilikuwa mzuka. Mfasiri aliyelichagua neno vizuri hupata mzaha huo wa mwisho bure.

Jina la sehemu. Katika Kiingereza jina hilo lina vina, na Kiswahili hakishindwi na vina. Twapendekeza "Usiku wa Vitisho Hauna Burudisho". Mfululizo mzima na uitwe mfululizo, na kila kipande chake sehemu. Neno kipindi libaki kwa muda wa matangazo.

6. Pingamizi moja

Itapingwa kwamba siku hizi vijana wa mitaani wamelipa neno mzuka maana nyingine. Husema "mzuka umenipanda" wakiwa na msisimko wa muziki au wa mpira. Ni kweli, lakini maana hiyo mpya imekua juu ya ile ya kale: aliyepandwa na mzuka, kwa maneno yao, ni mtu ambaye jambo limemzukia ghafla likamtoa katika hali yake ya kawaida. Tena huo ni ushahidi kwamba neno li hai na kwamba halina uzito wa kuabudiwa, kwa kuwa hakuna anayecheza hivyo na mzimu wa babu yake. Iwapo Shaggy atasema "mzuka umenipanda" huku mzuka amesimama nyuma yake, filamu itakuwa imepata kichekesho kilicho chetu.

7. Hitimisho

Kwa muhtasari, twapendekeza mzuka kwa kila kiumbe wa kutisha anayejitokeza katika filamu za watoto pasipo asili yake kujulikana; mzimu kwa wahenga na mahali pao pa matambiko; pepo kwa kinachopanda kichwani; jini na shetani kwa viumbe watajwao katika dini; zimwi kwa mla watu wa ngano. Msukule lisitumike kabisa katika filamu za watoto.

Faida ya kutenganisha majina haya si ya wafasiri peke yao. Hadithi ya Kanali Beauregard yamfundisha mtoto jambo moja kubwa: anapotishwa, na aulize ni nani anayefaidika na hofu yake. Katika usiku ule waliofaidika walikuwa mawakili wawili wenye tamaa. Somo hilo humfikia mtoto wa Kiswahili iwapo tu kile kilichovuliwa kinyago kina jina linalovulika. Tukikosea jina, tutakuwa tumemfundisha mojawapo ya mambo mawili: ama kuwadharau wahenga wake, ama kuwatafuta wachawi miongoni mwa jirani zake.

Walimu na wafasiri wenye matumizi mengine ya maneno haya katika sehemu zao, hasa Pemba, Lamu na bara, wanaombwa watuletee maoni yao, pamoja na mifano ya sentensi kamili, ili yazingatiwe kabla mapendekezo haya hayajafikishwa mbele ya kamati.